Benchi la Nyuma

"Na zamu yetu ikifika tukakuta maji yamekwisha, tutamdai nani?"

Swali hilo aliliuliza jirani mmoja, mwanamke muuza vitunguu, siku kikundi cha kuzikana kilipokutana uani kwa Fundi Cherehani kuamua fedha zake ziwekwe wapi. Watu walicheka. Mtaa mzima ulimwita Mama Sauti, na walikuwa wamezoea kumcheka kabla hajafika mwisho wa maneno yake. Sasa hakuna aliyecheka tena. Benki ilikuwa imefungwa, akiba ya kikundi imekwenda nayo, na Fundi, aliyekuwa mweka hazina, alikuwa chumba cha maiti akingoja mtu wa kumzika.

Daktari alikwisha sema ni moyo. Hapakuwa na mkono wa mtu katika kifo kile, na Inspekta hakuwa na la kuuliza juu yake. Kilichomleta ni malalamiko ya kikundi: kwamba Fundi aliwauza wenzake kwa benki, na benki ikamlipa cherehani mpya. Mpaka jambo hilo lijulikane, wanakikundi walikuwa wameapa hawatamgusa.

"Swali lile alilijibu nani?" Inspekta aliuliza.

"Sijui, baba," mjane wa Fundi alisema. "Sikuwapo. Nilikwenda kumuuguza dada yangu. Niliporudi nikakuta hati zimeshanunuliwa, na mashine ile imeshaletwa, imefungwa uzi wake."

Alionyesha kwa kidevu. Mikono yake ilikuwa mapajani, na hakuitoa hapo.

Chumba cha kazi kilikuwa chembamba, dirisha lake likitazama uani. Inspekta alianza na cherehani ya zamani. Kanyagio lilikuwa limelika upande mmoja, mahali kisigino cha Fundi kilipokaa miaka yote. Chini ya sindano palikuwa na mkono wa shati la mtoto wa shule, umeshonwa nusu, na sindano bado imezama kitambaani. Inspekta hakuigusa. Akaenda kwenye ile mpya, akachuchumaa.

Sindano ilikuwa na mafuta mazito ya kiwandani, hayajafutwa. Bobini ilikuwa tupu. Mkanda wa kuzungushia gurudumu ulikuwa bado ndani ya karatasi yake, umewekwa pembeni. Na kwenye gurudumu lenyewe palikuwa na uzi mwekundu, umekazwa kwa fundo.

"Hii haijawahi kushona," alisema.

"Hata tundu la kifungo."

"Kwa nini? Fundi anapata mashine mpya, halafu anaendelea kuihangaikia ile kuukuu?"

"Nilimuuliza hivyo hivyo. Akaniambia, usiiguse. Nikamwambia, kwani ya nani? Akasema, ya mwenyewe. Mume wangu, baba, ukimuuliza jambo mara mbili anaanza kuimba." Uso wake ulitaka kutabasamu, ukaghairi. "Akaimba mpaka nikaondoka zangu."

Inspekta aliinuka. Ukutani kulikuwa na nguo zimetundikwa: gauni la kijani, suruali, koti la mzee lenye bitana mpya. Kila moja ilikuwa na uzi mwekundu umepitishwa kwenye tundu la kifungo cha juu.

"Na nyuzi hizi?"

"Hizo ni za watu. Kilichokwisha, kinachomngoja mwenyewe, alikifunga uzi mwekundu. Kisiuzwe, kisivaliwe, kisiazimwe. Hata mwavuli mtu akiusahau hapa, atakuja aukute na uzi wake. Mtaa mzima unajua. Gauni lile la kijani ni la Mama Sauti. Hajaja kulichukua, na siku hizi akipita hapa anageuza uso."

Inspekta alilitazama gauni, kisha gurudumu, kisha gauni tena. Akaomba mkasi, akaukata ule uzi wa kwenye gurudumu upande wa chini ili fundo libaki zima, akautia katika bahasha ndogo.

"Mazishi wamesemaje?"

"Wamesema mwizi hazikwi na aliowaibia." Mjane aliinua uso. "Baba, mimi fedha siziulizi. Zimekwenda, zimekwenda, mtoaji ni Mungu. Lakini kila aliyekufa mtaa huu, sanda yake ilipita chini ya sindano ile, na mume wangu hakumtoza mtu hata ndururu. Leo yeye analala kule peke yake kama mtu asiye na kwao. Mimi nataka wanizikie mume wangu. Basi."

Inspekta alimwambia pole.

*

Mama Sauti alikuwa kibandani kwake akichambua vitunguu, vilivyooza huku, vizima huku.

"Mwanangu," alisema bila kuinua kichwa, "ukija kununua, karibu. Ukija kumtetea marehemu, njia ile pale, wala haina mlango."

"Nimekuja kununua." Inspekta alianza kuchagua. "Na swali lako la maji nimelipenda."

"Umeona? Na walinicheka! Nilisema mimi, kwa mdomo wangu huu, wakanicheka kama nimeanguka na ndoo. Leo anacheka nani? Hata panya wa nyumbani kwangu wamenuna."

Kando ya kibanda palikuwa na karakana ya Seremala, katibu wa kikundi, ndiye aliyekuwa akiwatengenezea majeneza. Alikuwa amesimama mlangoni na randa mkononi, anasikiliza huku akijifanya anatafuta kitu.

"Nani alikujibu?" Inspekta aliuliza.

"Fundi. Nani mwingine? Alisema maji ya benki hayaishi."

"Dada," Seremala alisema, "usimsingizie maiti. Hana mdomo wa kukujibu."

"Kwani nasema uongo?"

"Unasahau. Fundi alinyamaza. Aligeuka akamtazama mwanao, kama anayesema, haya, jibu wewe uliyesoma. Ndipo mwanao akasema, 'Maji ya benki hayaishi, mama.' Nasi tukacheka."

Mama Sauti aliweka kisu chini. Binti yake alikuwa keshia wa dirisha la pili katika benki ile. Ndiye aliyekuja uani siku ile na fomu mkononi, sare imepigwa pasi, mtaa mzima ukimwonea fahari.

"Mwanangu alisoma karatasi. Ndiyo kazi aliyotumwa. Aliyetuambia tukubali ni Fundi, na aliyepewa mashine ni Fundi. Mwanangu kapewa nini? Hata soli ya kiatu hakupewa."

"Karatasi ilisemaje?" Inspekta alimgeukia Seremala.

"Iliitwa Hati ya Neema. Jina zuri, hata mimi lilinigusa. Ilisema faida yake inazidi ya akiba ya kawaida, ila fedha hazitoki mpaka miaka saba. Na ilisema, hili nalikumbuka vizuri, kwamba benki ikipata shida sisi tutalipwa mwisho, baada ya wengine wote."

"Mlilisikia hilo, mkakubali?"

Seremala aliipuliza randa, vumbi la mbao likaruka. "Utatuona wajinga, bwana mkubwa."

"Sijaja kutafuta wajinga."

"Basi sikia. Kwenye kikundi chetu, mwaka ukiisha tunagawana kilichobaki. Viongozi wanapokea mwisho. Hiyo kwetu ni heshima, ni nafasi ya mwenye nyumba: wageni wale kwanza. Na Fundi alikuwa anayapanga mafungu yote mezani kabla hajaita mtu, kwa hiyo fungu la mwisho halikukosekana hata mara moja. Sasa binti aliposoma kwamba tutalipwa mwisho, Fundi akaitikia kwa kichwa, akasema, 'Kama viongozi.' Tukafurahi. Watu wadogo sisi, benki kubwa kama ile, inatuweka mahali pa mwenye nyumba."

Mteja mmoja alisimama, akaona nyuso zao, akaendelea na safari.

"Na kanuni yetu ni twende wote au tubaki wote," Seremala alimalizia. "Fedha ya kikundi ilipohama, kila mmoja akahamisha na akiba yake mwenyewe. Asije mtu akakaa ukingoni anangoja kuona wenzake wanazama au wanaogelea."

"Hata mimi!" Mama Sauti alipiga kifua. "Nilitia dole gumba mbele ya watu. Mwanangu mwenyewe alinishika mkono, akanichovya kwenye wino. Akiba yangu yote, ya miaka ya kupigwa na moshi na jua. Kwa hiyo nikisema yule mtu katuua, sisemi kama mtu wa pembeni. Nami ni maiti."

"Na majembe ya kikundi, ya kuchimbia makaburi, yako wapi?"

"Yako stoo kwangu. Na machela iko stoo kwangu." Alilishika pindo la mtandio wake, palipokuwa na fundo gumu. "Na ufunguo huu hapa. Na hapa utakaa. Siwezi kumchimbia kaburi aliyenichimbia langu."

Inspekta alilipa. Mama Sauti alimhesabia vitunguu vyake, halafu akamzidishia kimoja. Hata kwa hasira ile, mkono wake haukujua kupunja.

*

Benki ilikuwa imeshushwa mabango yake, na pale yalipokuwa ukuta ulikuwa mweupe kuliko pengine. Mfilisi, mtu aliyeletwa kuigawa benki iliyokufa kama watu wanavyogawa mirathi, alikuwa ameweka mabenchi mawili ukumbini. La mbele lilikuwa karibu na madirisha. La nyuma lilikuwa ukutani, chini ya saa iliyosimama. Wa mbele waliitwa, wakalipwa, wakaondoka wakijishika mifuko. Wa nyuma waliitwa, wakaandikwa, wakarudi kukaa, kwa sababu hawakujua pa kwenda.

Wanakikundi walikuwa benchi la nyuma, wamebanana, Seremala mwanzoni na Mama Sauti katikati.

"Nieleze hizi hati," Inspekta alimwambia mfilisi, "kama unavyomweleza mkeo."

"Mke wangu ni mhasibu."

"Basi kama unavyomweleza mama mkwe."

Mfilisi alivua miwani. Alikuwa mtu mwembamba, mwenye sauti ya aliyekwisha rudia jambo mara nyingi bila kulizoea.

"Benki ina fedha za watu, ambazo lazima izirudishe, na ina fedha zake yenyewe, ambazo tunaziita mtaji. Mtaji ni godoro. Benki ikianguka, godoro liumie kwanza, wenye akiba wasivunjike mifupa. Hii ilikopesha ovyo, rafiki kwa rafiki, godoro lake likabaki kitambaa. Wakaguzi wakasema, ongezeni godoro au tunafunga. Wenye benki hawakutaka kutoa za kwao. Ndipo ikaja Hati ya Neema."

"Ambayo ni akiba."

"Ambayo si akiba hata kidogo. Ni deni la chini, na katika madeni ya chini ni la daraja la mwisho. Mnunuzi anaikopesha benki, na anakubali kwamba ikifa atasimama nyuma ya kila anayeidai. Kwa sababu amekubali kusimama huko, sheria inairuhusu benki kulihesabu deni lake kama sehemu ya mtaji. Mizania ikaonekana imenenepa. Wakaguzi wakatulia kwa muda."

Inspekta alitazama benchi la nyuma. "Na hawa?"

"Hawa walikuwa godoro, Inspekta. Wao wakidhani ni walalaji."

"Watapata chochote?"

"Wa mbele watapata, kwa bima na kwa nitakachouza, hadi viti hivi. Baada yao wako wadai wengine. Wa nyuma..." Mfilisi alivaa tena miwani. "Ninawaandika kwa sababu sheria inataka waandikwe."

"Kuuza hati kama hizo ni kosa?"

"Siyo. Makampuni makubwa yanazinunua, yanajua yananunua nini, na yanadai faida ya kutosha kwa hatari ile. Kosa ni kumwambia muuza vitunguu kwamba ni akiba, huku mwenyewe ukijua sivyo. Hilo la kujua siwezi kukupimia mimi. Hilo ni lako."

"Meneja angejibu."

"Meneja yuko nje ya nchi, anatibiwa mgongo."

"Mgongo upi? Mtu hajawahi kubeba hata kiti."

Mfilisi alikaribia kucheka. Wakati huo huo msaidizi wake, kijana wa kiume mwenye sauti ya shule, aliita kutoka dirishani. "Mama wa vitunguu! Wewe mama wa mtandio wa bluu! Njoo benchi la mbele."

Mama Sauti hakuinuka. "Mimi ni wa nyuma, mwanangu."

"Akiba yako wewe haikuhamishwa, mama. Hapa iko vile vile, ya kawaida. Utalipwa leo."

"Unanichezea?"

"Sikuchezei."

Mwanamke yule aliinua mikono yote miwili. "Mungu hamwachi mja wake!" alilia, na ukumbi mzima ukageuka. "Jamani, Mungu hamwachi mja wake!" Kisha akawaona wenzake pale alipokaa, wanatazama sakafu. Akashusha mikono. Alikwenda mbele polepole, akakaa ukingoni mwa benchi kama mgeni asiyejua kama amekaribishwa.

Inspekta hakuwa akimtazama yeye. Alikuwa akitazama dirisha la pili. Mfilisi alikuwa amembakiza keshia yule kazini kwa sababu aliwajua wateja kwa nyuso. Binti alikuwa katikati ya kuhesabu noti. Mikono yake ilisimama. Kisha akazikusanya zote, akaanza kuhesabu upya.

*

Inspekta na keshia waliingia katika ofisi ya meneja. Misumari ya picha ilikuwa ukutani bila picha, na mti wa ndani ya chungu ulikuwa umekauka dirishani. Inspekta alimwomba Mama Sauti naye aingie.

"Ni habari ya swali lako," alimwambia. "Nataka usikie jibu."

Keshia alikaa wima, mikono mezani. Sare yake ilikuwa bado imepigwa pasi.

"Uliwasomea kwamba watalipwa mwisho?" Inspekta alianza.

"Niliwasomea neno kwa neno. Muulize Seremala."

"Nimemuuliza. Amekiri."

Binti alishusha pumzi.

"Na mama yako alipouliza lile swali?"

"Nilijibu nilivyofundishwa. Mimi keshia tu, Inspekta, ninahesabu noti. Mizania ya benki ningeijulia wapi? Nilijua ni akiba kama akiba nyingine."

"Nzuri kuliko ya kawaida?"

"Faida ilikuwa kubwa zaidi. Ndiyo."

"Shangazi yako, naye ni mwanakikundi, ulimuuzia?"

"Ndiyo."

"Seremala?"

"Ndiyo. Wote walikubali."

"Fundi?"

"Fundi alikuwa wa kwanza kutia sahihi." Alisema hivyo kwa haraka. "Yeye ndiye aliyewatuliza."

"Na huyu mama?"

Nje, mashine ya kuhesabia noti ililia, ikaacha.

"Si nilitia dole," Mama Sauti alisema. "Mwambie, mwanangu. Si ulinishika mkono?"

"Mama, nyamaza."

"Ninyamaze kwa nini? Nilitia dole, wino ukakaa siku nzima!"

"Ulitia," Inspekta alisema taratibu. "Wote mlitia pale uani kwa Fundi. Binti akazibeba fomu zote kuzileta hapa. Zilifika zote isipokuwa ya mtu mmoja." Alimgeukia keshia. "Ulikuwa na kitu kizuri, ukamgawia shangazi, ukawagawia majirani, ukamgawia Fundi. Mama yako aliyekuzaa ukamnyima. Nisaidie nielewe."

"Labda ilipotea."

"Ya kwake tu."

"Karatasi hupotea."

"Ilipotea wapi?"

Binti alimtazama mama yake. Lilikuwa kosa. Mama Sauti alikuwa akimtazama kwa macho makavu, ya mtu anayepima mzigo kabla ya kuunyanyua.

"Jikoni," keshia alisema. "Niliichoma jikoni. Mama ulikuwa sokoni."

Inspekta alifungua daftari lake. "Endelea. Ninaandika maelezo yako."

"Tulipewa malengo. Asiyefikisha, mkataba wake unaisha. Mhasibu wa benki akatutania, akasema, leteni magodoro, kila mtu alete magodoro yake. Nilimfuata nikamuuliza ana maana gani. Akanieleza, yote, hakunificha. Kwa hiyo nilijua. Nilijua, lakini nilidhani benki haitaanguka. Nilidhani miaka ile itapita, watapata faida yao, na hakuna atakayejua alilala wapi."

"Ulidhani hivyo kwa ajili ya mtaa mzima. Kwa mama yako hukudhani."

Machozi yalimdondokea binti juu ya vidole, naye hakuyafuta.

"Na cherehani?"

"Ilikuwa zawadi yangu mimi. Niliyeleta wengi kuliko wote. Niliona aibu kuiingiza nyumbani, mama angeuliza. Nikaipakia mkokoteni nikampelekea Fundi. Alinishonea sare za shule zote bila kunitoza, nikasema moyoni, na nimlipe hata kidogo. Akaniuliza, 'Zawadi ya nini, binti yangu?' Nikasema ya kazi nzuri tuliyoifanya mimi na wewe. Akasema, 'Tumefanya kazi gani?' Nilishindwa kumtazama. Nikaondoka."

"Watu waliposema mashine ile ni hongo, ulisema nini?"

"Sikusema kitu."

Inspekta alitoa bahasha ndogo mfukoni, akautoa ule uzi, akauweka mezani mbele ya Mama Sauti. Ulikuwa uzi mfupi, mwekundu, fundo lake zima.

"Ulikuwa kwenye gurudumu la ile mashine," alisema. "Mjane wake aliukuta siku aliporudi kutoka kwa dada yake. Wakati huo benki ilikuwa bado wazi, na hakuna aliyekuwa amemshuku mtu. Mashine haikushona hata tundu la kifungo."

Hakueleza zaidi. Mama Sauti alikuwa mteja wa Fundi tangu ujana wake. Aliunyooshea uzi kidole, akaugusa kwa ncha, kama mtu anayegusa paji la uso la mgonjwa.

"Alikuwa anamngoja mwenyewe aje aichukue," alisema.

"Ndiyo, mama."

"Nilisimama mlangoni kwake." Sauti ilikuwa ndogo, hata Inspekta alilazimika kuinama kidogo. "Nilisimama mlangoni kwake mchana kweupe nikamwita mwizi. Alitoka, akanisikiliza mpaka mwisho. Akaniuliza kama nimekunywa maji, jua lilikuwa kali. Na wewe ulikuwa nyuma yangu."

"Mama..."

"Ulikuwa nyuma yangu, umenishikia mwavuli."

"Nilifanya kwa ajili yako, mama! Ungekula nini? Ungelala wapi? Wote wale wana watoto wa kiume, wewe una nani? Mimi sikuweza kuokoa mtaa. Nilimwokoa mama yangu. Kuna mtoto gani asingefanya hivyo?"

Inspekta aliacha kuandika. Hilo halikuwa swali lake.

Mama Sauti alisimama. Akaweka mtandio sawa kichwani.

"Sema basi," binti alilia. "Nitukane. Nilaani. Usininyamazie, mama, wewe hujawahi kuninyamazia!"

Mlango ulibaki wazi nyuma ya yule mwanamke. Inspekta alimwona akipita ukumbini. Kijana wa dirishani aliinua bahasha nene, akaita, "Mama, zamu yako! Fedha yako hii hapa!" Mama Sauti alipita kana kwamba anaitwa mtu mwingine. Alikwenda moja kwa moja hadi benchi la nyuma, chini ya saa iliyosimama, akasimama mbele ya Seremala.

"Vipi, dada?" Seremala aliuliza, akiinuka nusu.

Mama Sauti alilikamata pindo la mtandio wake, akalifungua fundo kwa meno. Akautoa ufunguo wa stoo ya majembe. Akauweka kiganjani mwa Seremala, akamkunjia vidole juu yake, kimoja kimoja, akashika njia ya mlango mkubwa, akatoka.